Mashine Ikiamka, Nathanaël Yupo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huenda waliishi mahali ambapo watu hawachukuliwi mchana kweupe, wakaweza kusema hivyo na bado wakala wakashiba. Yolande hakuikubali methali hiyo hata kidogo. Mkubwa wake wa kazi, Nathanaël, hakuonekana ofisini tangu wanaume watatu wenye bunduki walipomtoa kwenye kiti chake saa ya chakula, sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, ikiwa bado moto mezani. Lakini kwa Yolande, lake lilikuwepo lote. Kiti kilikuwepo, miwani ya kusomea ilikuwepo, na zaidi ya vyote yalikuwepo maneno aliyoyasema, ambayo hayakupakiwa kwenye gari pamoja naye.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Ofisi yao pale Nyawera ilikuwa ya shirika dogo lililosaidia wakulima, kuanzia Kalehe kando ya ziwa mpaka Luberizi kwenye mashamba ya mpunga. Uasi ulipoingia Bukavu mwaka wa tisini na nane, wenye silaha walianza kuvuna wasikopanda. Basi siku moja, kwenye mkutano wa vyama vya mji, mbele ya wakubwa wapya waliokaa kwenye viti vya mbele, Nathanaël alisimama akauliza kwa sauti yake ya kila siku mchele wa watu wa Luberizi umepakiwa kwenye malori ya nani. Hakutukana mtu. Wiki ile ile wakamfuata.

Mkewe, Colombe, alizunguka kila mlango wenye mlinzi. Kila mlango ulimpa jibu moja, kama vile walifundishana darasani: mtu huyo hatumjui, hatujamwona, tafuta huko Kinshasa, labda ana mwanamke mwingine.

Asiyeijua Bukavu anaweza kudhani kifo ndicho kibaya kuliko vyote. Kifo kina desturi zake. Mtu akifa, viti vinatolewa nje, majirani wanaleta makaa na maharage, wanawake wanalala chini pamoja na mfiwa, watu wanaimba hadi sauti zinakauka, na siku ikifika kilio kinafungwa na maisha yanaendelea kuchechemea. Colombe hakuwa na ruhusa ya hayo yote. Hapakuwa na mwili wala habari, na pasipo habari hakuna kilio. Majirani zake wa Kadutu hawakujua hata namna ya kumsalimia. Ukimwambia pole, umemuua mume wake kwa mdomo wako. Usipomwambia, huna utu. Wengi waliona heri kuvuka barabara wakajitia hamnazo.

Alimwambia Yolande kwamba anachokitaka si kikubwa. Wale waliomchukua waseme kwa vinywa vyao kwamba walikuwa naye. Wakisha kusema, yeye atajua ni mke au ni mjane, na atajua avae nguo gani asubuhi. Yolande alilia siku ile, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyodumu.

Kutundika picha ya Nathanaël ukutani kulikuwa kutafuta balaa. Askari waliingia ofisi yoyote walipotaka, na kitu cha kwanza walichofanya ni kusoma kuta. Lakini Yolande ndiye aliyeandika barua zote za ofisi na kuitunza mashine, yaani kompyuta moja waliyokuwa nayo, na yeye akakumbuka ukuta ambao askari hawajui kuusoma. Kila mashine ile ilipowashwa, kabla haijakubali kazi yoyote, ilionyesha kwanza picha ya mawingu iliyowekwa na walioitengeneza. Mawingu ya nini, alijiuliza. Bukavu ina mawingu yake, hata mengine tungeweza kugawa.

Alikuwa amejifunza kwenye mafunzo ya wiki moja kwamba picha ile ni faili tu kama faili nyingine, ila imefichwa, na anayejua inapolala anaweza kuweka nyingine mahali pake. Akachukua picha ya Nathanaël ya sherehe ya mwaka mpya, akaipeleka kwa Abbé Jean-Baptiste, padri mwenye mashine ya kugeuza picha kuwa faili, akarudi nayo ndani ya disketi. Jumatatu asubuhi akaipachika kule yalikokuwa mawingu, akaizima mashine, akaiwasha upya. Wenzake wote walikuwa wamesimama nyuma yake.

Nathanaël akatokea, mpana kama pipa.

Lazima niseme kwamba Nathanaël alikuwa mtu mwembamba, mwembamba wa kuongeza matundu kwenye mkanda, mwenye uso mrefu na mashavu yaliyoingia ndani. Huyu wa kwenye kioo alikuwa na mashavu yaliyofika kingo zote mbili, macho yaliyoachana kama ndugu waliogombana, na mdomo uliovutwa kulia na kushoto. Donatien, mhasibu wao, mzee wa heshima asiyechezacheza, alicheka kabla hajajizuia. Kisha akatoa leso akajifuta macho, na hakuna aliyejua alikuwa anafuta kicheko au kitu kingine.

Ukitaka kujua watu wa Bukavu, wape kitu kilichoharibika. Wote, kuanzia profesa mpaka muuza karanga, watakuambia ni umeme. Mkate ukiungua ni umeme, redio ikikohoa ni umeme, ndoa ikivunjika nayo, ukiwasikiliza vizuri, ni umeme. Donatien alieleza kwa uhakika wote kwamba umeme ukija na nguvu nyingi unavimbisha picha, na ukija dhaifu unaikondesha. Wakasubiri alasiri, saa ambayo mji mzima unapika na taa zinakuwa nyekundu. Nathanaël akaja mpana vilevile. Wakachomeka mashine kwenye stabilizateri, lile sanduku la kutuliza umeme, ambalo lilinguruma sana bila kumpunguza hata kidole. Wakaomba jenereta la jirani mwenye duka la dawa, wakavuta waya dirishani. Mpana.

Yolande aliacha umeme akaingia kwenye kioo chenyewe. Chini yake palikuwa na vifungo vya kubana na kupanua. Akabana. Uso ukapungua kweli, lakini mashine ilipomaliza kuamka, kazi yote nayo ilikuwa imebanwa katikati ya mistari miwili myeusi, herufi zimekuwa wadudu, na Donatien akalalamika kwamba hesabu zake zimepandana. Akarudisha vifungo. Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadilisha vipimo vya kioo, vikubwa, vidogo, vya katikati. Kila kipimo kilitii baada ya mashine kuamka. Uso wa mwanzo haukutii chochote. Ulikuwa umepita tayari kabla mipangilio haijaanza kusomwa, ni sawa na kumkemea mgeni aliyekwisha kuondoka.

Hapo Donatien akatoa wazo lake, na tusimcheke, maana lilikuwa wazo la mtu mwenye watoto.

"Maman Yolande, muache vile," alisema. "Hivi hakuna mutu atamujua. Askari akiingia, ataona mutu munene, atawaza ni muzungu mweusi wa mashine. Siye tunajua ni nani. Inatosha."

Wengine wakaunga mkono. Kasoro ile ilikuwa kinga, nani anakataa kinga iliyokuja bure? Hata Yolande, ambaye kichwa chake ni kigumu kama jiwe la kusagia, alilala na wazo lile siku kadhaa na kuliona si baya.

Kisha Colombe akaja ofisini. Yolande ndiye aliyemwita, kwa haraka ya kutaka kumfurahisha, na haraka haina baraka. Walimkalisha mbele ya kioo, wakawasha. Nathanaël mpana akatokea, akakaa pale muda wake mfupi, akaondoka. Mikono ya Colombe ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Nani aliwapa hii picha?" aliuliza mwishowe. "Njo balimupiga mpaka akavimba hivi?"

Yolande alitamani ardhi impasukie. Alimweleza mbio mbio kwamba ni picha ya sherehe, ile ambayo Colombe mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yake, kwamba ni mashine inayomtanua, kwamba hakuna aliyempiga, na aliposema hilo la mwisho akanyamaza, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kulisema. Colombe alisikiliza yote. Akasimama, akafunga kitenge chake vizuri.

"Bwana yangu haiko hivi," akasema. "Kama unamuweka, umuweke yeye."

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Yolande aliwaambia wenzake kwamba kinga ya kumfanya mtu asijulikane ndiyo kazi ileile wanayoifanya wale wa mlangoni wanaosema hawamjui. Yeye hatawasaidia.

Asubuhi iliyofuata aliitafuta ile faili ya mawingu aliyokuwa ameiweka kando kwenye disketi, akaifungua kwenye programu ya kuchorea ya mashine, aione ikiwa imelala, si ikiwa inaamka. Akashangaa. Mawingu yalikuwa marefu na membamba, na maandishi yalibanana kama waumini kwenye benchi la Noeli. Lakini mashine ilipoamka, mawingu hayo hayo yalionekana ya mviringo, mazuri, na maandishi yamepumua. Akaangalia tena. Kumbe mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Hiyo ndiyo tabia yake: pale mwanzoni kabisa, kabla ya kujua iko na kioo gani, inachukua picha ya upana mdogo na kuivuta mpaka mara mbili. Wenye kuitengeneza walilijua hilo, wakaibana picha yao mapema, ili ikivutwa irudi kwenye umbo lake. Yeye alikuwa amempa Nathanaël akiwa na umbo lake kamili, na mashine ikamvuta zaidi ya yeye.

Basi akaanza upya. Alimkata Nathanaël kwa umbo la kioo kizima, kisha akambana kwa upande, nusu ya upana wake, na kwa urefu kidogo. Akawa kama muwa. Pua ilikuwa kisu, kichwa kilikuwa ndizi. Donatien alipita akatazama, akanung'unika kwamba mwanzo walimvimbisha na sasa wanamuua kwa njaa. Yolande aliihifadhi picha kwa lile jina la kujificha, akaizima mashine, akaiwasha.

Alikuwa yeye. Mashavu yale yaliyoingia ndani, paji la uso, jicho moja dogo kuliko lenzake kwa sababu alizoea kulikunja akisoma. Alikuwa anawatazama kama alivyowatazama kila asubuhi alipowakuta wanapiga porojo. Watu wa ofisi ile walisimama wima bila kuambizana.

"Bonjour, Chef," akasema Donatien, akimwamkia mkubwa wake wa kazi.

Kuanzia hapo kukatika kwa umeme, ambako zamani kuliwatia matusi mdomoni, kukawa na faida. Umeme ulikwenda na kurudi mara nyingi kwa siku, kama kawaida ya mji wetu, na kila uliporudi Nathanaël aliingia kazini upya. Colombe alikuja siku za soko, akakaa mbele ya kioo, wakamwashia. Hakutabasamu, lakini alisema "njo yeye", ndiye mwenyewe, na Yolande akaona jasho lake halikwenda bure. Hofu ilikuwepo. Sasa mtu yeyote aliyewahi kumwona Nathanaël angemjua mara moja, na ofisi nzima ilijua hivyo. Kila buti ilipogonga ngazi za nje, Yolande aliacha kuandika akahesabu hatua.

Buti ziligonga baada ya siku za mji mfu. Ndivyo tulivyoziita, ville morte: Bukavu nzima ilifunga milango, hakuna duka, hakuna shule, hakuna soko, mpaka mbwa wakatembea katikati ya barabara kama mameya. Wakubwa wa uasi waliumwa sana na kimya kile. Kilipokwisha wakaanza kupita ofisi kwa ofisi wakitafuta nani aliyeandika makaratasi ya kuwaita watu wakae nyumbani. Kwa Yolande alikuja mkuu wa usalama mwenyewe, mwanaume mpole wa sauti, viatu vinang'aa, na askari wawili nyuma yake. Alisema anataka kuona kilichomo ndani ya mashine.

Umeme ulikuwa umekatika. Mkuu akavuta kiti, na kiti alichokivuta kilikuwa cha Nathanaël, akakaa akasema atasubiri.

Walisubiri wote. Donatien alijaribu kumshawishi mgeni kwamba umeme huenda usirudi leo, kwamba kuna mahali hapo chini panapouzwa bia baridi, kwamba yeye angefurahi kumsindikiza. Mkuu alikataa kwa heshima. Yolande alikuwa na sentensi moja mdomoni: mashine imekufa. Maneno mawili tu, na ni maneno ambayo Bukavu kila mtu anayaamini. Mkuu angeinuka, angekwenda zake, na jioni yeye angeyarudisha mawingu. Aliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Kisha akamkumbuka Colombe akishika ukingo wa meza, akapiga moyo konde, akaimeza.

Makelele ya watoto yalipanda kutoka mtaani, yale wanayopiga umeme ukirudi. Taa ikawaka juu ya vichwa vyao. Mkuu akanyoosha kidole kuelekea mashine, na Yolande akaiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

Nathanaël akatokea, wima, kamili, akamtazama mtu aliyekalia kiti chake.

Mkuu wa usalama hakutikisika. Alingoja mpaka uso ulipoondoka, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Munamujua, Chef," akasema Yolande.

"Minakuuliza weye."

"Na siye tunawaulizaka ninyi, toka siku ile. Munasemaka hamumujue. Kama hamumujue, ni picha tu, haina kosa."

Mtu yule hakuwa mjinga. Alijua kwamba akikasirika amekiri, na asipokasirika ameshindwa mbele ya mwanamke na mhasibu. Akatabasamu. Akasema kwamba hamjui, hajawahi kumwona, na kwamba mashine itachukuliwa kwa uchunguzi. Askari wakabeba kila kitu: mashine, kioo, printa, stabilizateri, hata kitambaa cha maua alichokishona mke wa Donatien cha kuzuia vumbi. Mlangoni mkuu aligeuka akamwambia Yolande achunge ulimi wake, kwa sababu Bukavu ina ziwa refu. Akatoka.

Yolande aliitoa mashine ya zamani ya kupiga chapa, akaipangusa, akaanza kupiga barua. Alikuwa na hasira ya kuweza kuuma chuma. Alijilaumu kwamba Colombe sasa amenyang'anywa mara mbili. Donatien, aliyekuwa na haki zote za kusema nilikuambia, alimletea chai.

"Ulimunyoosha," alisema. "Alienda na sura yake."

Wiki zikapita. Kisha adhuhuri moja ya mvua akaja Alphonse. Kila mtu alimjua Alphonse. Zamani alikuwa karani wa mji, na uasi ulipoingia alibaki kwenye meza yake, kwa sababu tumbo halijui bendera, na siku hizi aliandika katika ofisi ya usalama. Watu walimsalimia kwa nyusi. Alikataa kiti, akasimama na mwavuli unaodondosha maji sakafuni, akaeleza kwa mzunguko mkubwa kwamba mashine ile uchunguzi wake ulikwisha na sasa inafanya kazi kwao, ni nzuri, na printa yake haina mfano. Ila kila asubuhi wakiiwasha kuna ule uso. Walibadilisha picha ya nyuma, walibadilisha vipimo vya kioo, waliita fundi akabadilisha nyaya. Walidhani ni umeme.

Yolande aliinamisha kichwa juu ya barua yake ili asicheke.

"Mkubwa anasema kesho ikuwe imekwisha," Alphonse alimalizia. "Minakuomba, Maman Yolande. Kuya umutoshe, umuondoe mule, ule Papa Nathanaël."

Kicheko kikamkauka Yolande. Akainua uso. Alikuwa hajawahi kutaja jina lile mbele ya mkuu, na chini ya picha hakuandika kitu.

"Munasemaka hamumujue," alisema polepole. "Leo unamuita jina."

Alphonse aliangalia maji yaliyokusanyika miguuni pake. Angeweza kusema kwamba mji mzima unamjua Nathanaël, na lingekuwa jibu zuri. Hakulisema. Labda alikuwa amechoka kuibeba siri, na mzigo wa namna ile hautuliwi popote. Alisema shida si picha peke yake. Kuna askari mmoja wa lindo, kijana wa mbali, ambaye tangu alipouona uso ule amekataa kuingia chumba kile, hata kwa fimbo. Anasema ni yule mzee wa kule stoo ya nyuma, aliyeomba maji.

Yolande alishika meza. Akili ilibaki safi, safi kuliko wakati wowote. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio chenyewe hakikuwa kimeruhusiwa.

"Ile maneno, hutaniambia mimi," akamwambia. "Utaiambia mukewe. Sura ile ni yake. Yeye akikubali nimutoshe, nitakuya leo leo."

Alphonse akasema wakijua watamuua. Yolande akamjibu kwamba basi aende, na kesho asubuhi wamsalimie Nathanaël kwa niaba yake. Akarudi kwenye barua, akapiga herufi mbili tatu zisizo na maana. Alphonse alisimama pale mpaka dirisha likawa jeupe kwa mvua. Kisha akafungua mwavuli humo humo ndani, mkosi juu ya mkosi, akasema twende.

Yolande alichukua disketi ya mawingu akaitia mkobani. Walipanda Kadutu kwa tope. Walimkuta Colombe kizingitini akichagua maharage. Alipomwona aliyefuatana na Yolande, aliliweka sinia chini, akangoja.

Alphonse alilisema akiwa amesimama kwenye manyunyu, mwavuli umefungwa. Kwamba alikuwa kwao. Kwamba waliokuwa wanajibu mlangoni walijua. Kwamba usiku mmoja aliomba maji, na kijana wa lindo, aliyekatazwa, alimpa.

"Alikunywa?" aliuliza Colombe.

"Alikunywa. Yote."

"Na kisha?"

"Asubuhi alikuwa amekwisha kufa."

Colombe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza njia anayoelekezwa. Akauliza walimweka wapi. Alphonse akasema hajui. Anayejua ni mkuu.

Mjane akasimama. Kwa maana sasa alikuwa mjane, na alilijua, na hakuna mlango wa kumwambia vingine. Alifungua kitambaa chake cha rangi kichwani, akakikunja, akaingia ndani. Alitoka na kiti, akakiweka nje, kando kabisa ya barabara ambayo magari ya askari hupita. Akarudi, akaleta cha pili. Jirani wa mbele, mama aliyekuwa amemkwepa muda wote ule, alichungulia dirishani, akaviona viti, akaelewa. Alivuka barabara kwenye mvua akiwa amebeba benchi lake mwenyewe kichwani.

"Pole, mama," akasema, na neno hilo lilipotoka Colombe akapiga ukelele ambao Kadutu nzima iliusikia.

Watu walianza kutoka majumbani. Alphonse akamsogelea Yolande, akamnong'oneza kuhusu kesho, kuhusu mkubwa wake. Yolande akaitoa disketi. Colombe, aliyekuwa tayari amekaa chini katikati ya wanawake, akauona mkono wake.

"Mule muko nini?" aliuliza.

"Mawingu," akasema Yolande. "Nikiyaweka, Papa Nathanaël anatoka."

"Apana. Muache pale. Bamuone kila asubuhi, mpaka batakuya hapa kunionyesha ni wapi balimuweka."

Yolande akamgeukia Alphonse, akamwambia amesikia mwenye mtu wake alivyosema, na amfikishie mkuu kwamba mashine haina ugonjwa wowote. Alphonse akateremka na tope lake, mwavuli kwapani, mvua ikimpiga. Yolande akavua viatu, akaingia ndani kusaidia kutoa mikeka.